Nilivyopanga chumba cha kumnywesha binti yangu maziwa ya chupa usiku, na jiko la mkaa aliloliingiza Sharifa

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio macho na mliolala.

Juzi nimepita kwenye uzi wa kijana mmoja humu. Mke wake amejifungua, maziwa hayatoki vizuri, anauliza apange vipi chumba ili usiku wasihangaike na chupa. Watu wamemjibu kwa picha. Kitanda cha mtoto chenye reli, mashine ya kupasha chupa, taa inayobadilika rangi. Vitu vizuri sana.

Nilisoma ule uzi mpaka mwisho, nikaweka simu chini, nikakaa tu.

Nimeona nianzishe wa kwangu. Shule niliishia la nne, kwa hiyo mwandiko mtanivumilia. Lakini hii siyo chai. Yamenikuta mwenyewe, na waliohusika nawataja kwa majina yao. Wapo hai, wana simu, mwenye kubisha aje abishe hapa hapa.

Twende.

Kipindi hicho mabomba ya gesi yanashushwa bandari ya Mtwara, mji umejaa wageni, kodi za nyumba hazishikiki. Mimi nilikuwa kuli pale bandarini. Msimu wa korosho tunapakia magunia, msimu ukiisha tunabeba chochote kinachobebeka.

Nilipanga Mikindani, vyumba viwili kwenye nyumba ya zamani ya mawe. Ukuta wake mnene, ukinyoosha mkono dirishani vidole havifiki nje. Mchana baridi, usiku una joto lake la mchana uliopita. Nilikuwa naipenda ile nyumba. Hata sasa nikipita pale huwa napunguza mwendo.

Mke wangu aliitwa Somoe. Mmakonde wa Kitaya, huko karibu na mto Ruvuma. Mimi Mmakua wa upande wa Masasi. Tulikaa miaka bila mtoto, watu wakasema wakachoka, halafu Mungu akaleta.

Somoe alijifungua vizuri. Nilimwona, tukacheka, akaniambia mtoto ana masikio yangu, pole yake. Nikatoka nje kupiga simu kwa ndugu.

Baadaye damu haikukata.

Hapo sitaandika zaidi, mtanisamehe.

Nikabaki na mtoto wa kike, Mwajuma, kwa sababu alizaliwa Ijumaa.

Sasa kwa wale wa mikoa mingine niwaeleze kitu. Kwetu huku kusini, Wamakonde na sisi Wamakua, mtoto ni wa upande wa mama. Mwenye kauli ni mjomba. Baba unalea, unalisha, unapendwa, lakini neno likiwa zito anaitwa mjomba. Mimi hilo sikuwa nabishana nalo, ndiyo nilivyokuzwa.

Mjomba wa Mwajuma anaitwa Bakari, mdogo wake Somoe. Mwanaume mpole, mwenye mikorosho mingi, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa. Msiba ulipotulia aliniita pembeni.

"Shemeji, mtoto ni wetu, hilo unalijua."

Nikasema najua.

Akasema lakini kule kijijini kwa sasa hakuna mwanamke wa kwao anayenyonyesha, na maziwa ya kopo yanapatikana mjini. Mtoto abaki kwangu mpaka arobaini. Sharifa atakuja kukaa kusaidia. Siku ya arobaini wazee watakuja, watakaa, wataangalia mtoto anaendeleaje, wataamua anakwenda au anabaki.

Wakuu, hiyo arobaini ilikuwa mbili ndani ya siku moja. Ya mtoto kutolewa nje, na ya mama yake kusomewa dua. Mnaelewa nilikuwa nasubiri nini. Siku ile ile ya kumkumbuka mke wangu ndiyo siku ningeweza kunyang'anywa alichoniachia.

Huyo Sharifa ni dada mkubwa wa Somoe. Ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu ya watu niliosema nawataja. Mtu wa kazi, mdomo wake unakata, ukiwa na njaa atakulisha huku anakutukana. Kwa haki niandike na hili: Sharifa hakujaaliwa mtoto. Alipompakata Mwajuma mara ya kwanza, nilimwona usoni. Nilipaswa kuogopa siku ile ile.

Tukagawana. Mchana mtoto yuko na Sharifa, mimi nipo bandarini. Usiku wangu. Yeye analala chumba cha mbele, mimi na mtoto cha nyuma.

Usiku wa kwanza ulikuwa fujo.

Kopo la maziwa liko jikoni. Maji ya moto yako ukumbini. Chupa iko wapi haijulikani. Umeme umekatika. Mtoto analia mpaka anakuwa mwekundu, mimi nazunguka gizani nimemshika kama mtu aliyeshika samaki hai. Nikakanyaga mfuniko wa sufuria ukapiga kelele, Sharifa akaamka, akasimama mlangoni na khanga yake.

"Shemeji, hilo ni gunia la korosho au ni mtoto?"

Nikamnywesha hatimaye. Asubuhi nikakuta sisimizi wamejipanga mstari mpaka ndani ya kopo la maziwa. Kopo zima nikalimwaga. Siku hiyo nililia, siyo kwa ajili ya kopo.

Nikaenda kliniki, nikamwuliza nesi mmoja wa makamo. Hakunicheka. Akaniambia mambo ya usafi na maji, akasema yaliyobaki ni mpangilio wako mwenyewe, wewe ndiye unayejua chumba chako.

Basi nikapanga.

Mkuu uliyeuliza, hapa ndipo chukua kalamu.

Mimi nampakata mtoto mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila kitu nikakiweka kulia. Stuli ya mbao, ile Somoe alikuwa anakalia akikuna nazi... hapana, siyo ya mbuzi, stuli nyingine, ya kukalia jikoni. Nikaiosha, nikaianika juani, nikaileta kando ya kiti.

Miguu ya stuli nikaitumbukiza kwenye makopo ya nyanya yenye maji, kila mguu kopo lake. Sisimizi wakifika pale wanatazamana wanarudi. Nilijisikia mhandisi.

Juu ya stuli: chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, bado ya moto sana. Bakuli la maji ya baridi la kupozea. Vikopo vidogo vikavu vyenye mfuniko, kila kimoja kina unga wa maziwa wa mlo mmoja, nimeshapima mapema kwa kile kijiko cha kwenye kopo. Usiku usihesabu vijiko, mkuu. Usiku akili inahesabu vijiko viwili inasema vitatu.

Chupa za kunyonyea na chuchu zake nazichemsha jioni nikirudi kazini, kwenye sufuria la Somoe la pilau. Nazitoa, naziweka kwenye sinia, nafunika kitambaa kilichopigwa pasi. Maziwa sichanganyi mpaka mtoto aamke. Akibakisha, namwaga. Roho inauma lakini namwaga.

Kiti ni cha plastiki chenye mikono. Kitandani simnyweshi, kwa sababu kuli aliyebeba magunia kutwa akiegemea mto tu amekwenda.

Tochi niliitundika inaangalia ukutani, siyo inaangalia sisi. Mwanga unagonga chokaa unarudi laini. Mtoto haamki kabisa, ananyonya macho nusu.

Begani khanga ya kumcheulishia. Chini ndoo yenye mfuniko ya nepi chafu. Nepi zenyewe zilikuwa khanga za Somoe. Alizikata jirani yangu Bi Tatu, mama mtu mzima anayekaanga mihogo pale barazani. Mimi nilishika mkasi, mkono ukakataa.

Na dirisha wazi. Nilipigilia wavu wa mbu, nikaacha ubao wa dirisha umefunguka kidogo, hewa ipite.

Sharifa alipoona chumba akashika kiuno.

"Umefungua duka la dawa?"

Akaangalia makopo ya maji chini ya stuli.

"Na hawa ng'ombe wako wanakunywa saa ngapi?"

Nilicheka, wakuu. Mara ya kwanza tangu msiba. Na yeye akacheka. Nayasema haya ili mjue hatukuanza kama maadui.

Jamani zile siku.

Sijui niziandike vipi. Nilikuwa kwenye msiba, nimekonda, macho mekundu, bandarini wenzangu wananiita Mama Mwajuma. Nikipiga miayo juu ya gari wanauliza mtoto kanyonya mara ngapi. Nawajibu, na wao wanataka kujua kweli. Kuna mmoja mzee wa Newala, hasemagi na mtu, alikuja siku moja akanipa kofia ndogo ya sufu aliyoifuma mkewe, akarudi kwenye magunia yake.

Lakini usiku, chumba kile, mimi na yeye tu. Mfuniko wa chupa ya chai ukifunguka unatoa kama pumzi. Harufu ya maziwa ya unga yakikutana na maji ya moto. Natikisa taratibu, naweka kwenye bakuli, nadondosha tone ndani ya mkono. Yeye anajua. Anaanza kusogeza mdomo kabla chupa haijafika.

Alikuwa ananishika kidole kimoja. Hicho hicho, kidole cha kati. Ukimbadilishia anakataa.

Akishacheua naendelea kumshika, ingawa kazi imekwisha. Nilikuwa namsimulia habari za mama yake. Jinsi alivyokuwa anaimba vibaya na hajui kama anaimba vibaya. Mtoto anasikiliza kama mtu mzima.

Nimeishi miaka mingi. Nimepata vitu na kupoteza. Mtu akiniuliza lini ulikuwa na raha, nitamjibu pale, kwenye kiti cha plastiki, Mikindani, mjane wa kiume. Haieleweki, najua.

(Kuna mkuu ameniuliza inbox kwa nini sikumpeleka mtoto kwa mama yangu. Mama yangu alishatangulia, mkuu. Tuendelee.)

Kitu kimoja tu mimi na Sharifa tulikuwa hatuelewani. Dirisha.

Kwa kina Sharifa, mtoto mchanga ndani ya arobaini hapigwi upepo. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa, na moto unawekwa ndani chumba kipate joto. Na huyu hana mama wa kumkumbatia, ndiyo kabisa. Kila nikienda kazini nikirudi nakuta khanga imesokomezwa dirishani. Naitoa. Kesho imerudi. Naitoa. Tulifanya hivyo kama mchezo wa bao.

Nikamwambia moto ubaki jikoni. Nesi alinionya kuhusu mkaa kwenye chumba kilichofungwa, nikamweleza Sharifa neno kwa neno. Akaniambia yeye na Somoe walilala na jiko chini ya kitanda arobaini yote, na wote walikua.

Nikamjibu nyumba ya mama yenu ilikuwa ya udongo na makuti, inapumua yenyewe. Hii ni mawe na chokaa.

Akachukua ndoo ya nepi akatoka nayo. Nikadhani ameelewa.

Siku yenyewe ilikuwa mvua. Korosho haipakiwi kwenye mvua, tukaambiwa turudi nyumbani mapema. Nilikuwa nimelowa, homa inaninyemelea. Nikafika, nikambadilisha mtoto, nikamnywesha, nikamlaza ndani ya chandarua na mimi nikajilaza pembeni. Mchana kabisa, mvua inapiga bati la jirani. Nikalala.

Bakari alikuwa amekuja siku hiyo, ametuletea mihogo. Nilimsikia sauti ukumbini nikiwa tayari nasinzia, nikaona nitamsalimia nikiamka.

Kilichofuata sikukiona. Naandika nilivyokuja kuambiwa.

Sharifa alichukua jiko la mkaa, mkaa umeshika vizuri, akaliingiza chumbani. Akaliweka upande wa miguu ya kitanda. Akasokomeza khanga dirishani, akafunga mlango. Na Bakari, mtu wa pili ninayemtaja, ndiye aliyemshikia mlango akipita na jiko, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa imeshika.

Mimi nakumbuka nilitaka kuamka nikashindwa. Kichwa kizito kama kimejazwa maji. Nilijua saa ya mtoto kunyonya imepita, nilikuwa nasikiliza alie, halii. Nikawaza: leo amekuwa mwema. Miguu nikaiambia iamke, ikawa kama miguu ya mtu mwingine.

Bi Tatu alikuja kurudisha sufuria, Sharifa na Bakari wako jikoni uani na ile mihogo. Akapiga hodi chumbani kimya. Anajua mtoto huyu wakati ule huwa analia mtaa mzima unasikia. Akasukuma mlango.

Alimtoa mtoto kwanza. Halafu mimi alinivuta kwa kwapa, mama yule mwembamba, mpaka barazani kwenye mvua. Aliniambia Mwajuma alikuwa kijivu midomoni. Akampuliza, akamgeuza, akampiga piga mgongo. Akalia.

Bi Tatu anasema hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Tukapelekwa hospitali kwa bajaji, tukawekewa oksijeni. Mtoto alipata nafuu kabla yangu. Mimi nilikaa pale, natapika, siwezi kusimama.

Sasa sikilizeni.

Nikiwa kitandani, naanza kupata akili, nasikia Sharifa anawaeleza watu waliokuja kutuona. Anasema shemeji yake alichoka kutoka usiku kwenda jikoni, akaingiza jiko chumbani ili apashe maji ya maziwa hapo hapo. Alimkataza, anasema. Hakusikia. Mwanaume na mtoto mchanga wapi na wapi.

Ile stuli yangu. Ile chupa ya chai. Mpangilio wangu wote niliofanya ili nisihitaji moto chumbani, ndiyo ukawa ushahidi kwamba nilileta moto chumbani.

Nikamgeukia Bakari, alikuwa amesimama pale. Ulimi mzito, nikamwambia, "Bakari, sema."

Akaangalia viatu vyake.

Bi Tatu alinitetea, lakini yeye alikuta jiko liko ndani tayari, hakuona nani ameliingiza. Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi kuna muda nilijiuliza labda homa ilinifanya nikaamka nikalileta. Hivyo ndivyo uongo unavyofanya kazi ukisemwa na mtu anayelia.

Mtoto akaruhusiwa. Akapewa mama yake mkubwa. Nilipotoka mimi, nyumba ilikuwa imefagiwa. Stuli ipo, makopo ya maji yapo, tochi inaangalia ukuta. Mwajuma amepelekwa Kitaya. Hawakusubiri hata arobaini ifike.

Nikampigia Bakari simu. Inaita, haipokelewi.

Mtasema kwa nini sikwenda siku hiyo hiyo. Nilikuwa sitembei hatua ishirini bila kukaa chini. Na ningekwenda kusema nini? Mimi ni baba, nimeshahukumiwa kwamba nilitaka kuua, na mwenye kauli ndiye huyo huyo asiyepokea simu. Nililala chumba cha mbele. Cha nyuma nilikuwa siingii.

Siku zikapita, simu ikaita. Bakari.

"Shemeji, njoo."

Nikamuuliza kuna nini.

"Hanywi."

Basi. Sikuuliza tena.

Nilifunga stuli nyuma ya bodaboda. Chupa ya chai, vikopo, sinia, chupa na chuchu mpya, makopo ya nyanya, kila kitu ndani ya mfuko wa salfeti wa korosho. Dereva akaniuliza nahama? Nikamwambia endesha.

Nikafika Kitaya jua limeanza kupoa. Mwajuma yuko kwenye mkeka ndani, amenywea, sauti imekauka, analia bila nguvu. Zahanati walishampeleka, wameambiwa anyweshwe kidogo kidogo mara kwa mara. Wanajaribu, anatapika au anakataa.

Nikaomba chupa yao niione. Maziwa yamechanganywa asubuhi, yamekaa. Chuchu imetobolewa kwa sindano ya moto tundu liwe kubwa, maziwa yaende haraka. Na wanamnywesha amelala chali. Mtoto alikuwa anazama, wakuu. Kila wakimpa chupa anaona anazamishwa. Angeipenda vipi?

Sikumtukana mtu. Nilikuwa na matusi yangu yote tayari tangu Mikindani, lakini nilipomwona yakaisha.

Nikaomba chumba kimoja na maji yachemshwe. Nikaanza kupanga.

Wanawake wa pale wakajaa mlangoni. Nilipoweka miguu ya stuli kwenye makopo ya maji wakacheka, mmoja akauliza kama stuli inaogeshwa. Nikaendelea. Nikachemsha chupa. Nikafungua dirisha. Nikatundika tochi iangalie ukuta, ukuta wa udongo haurudishi mwanga vizuri, nikabandika karatasi nyeupe.

Sharifa alikuwa amekaa pembeni kwenye kinu kilicholala, anaangalia, hasemi. Mtu ambaye kusema ndiyo pumzi yake.

Nikakaa. Nikampakata kushoto. Tone mkononi, sawa. Nikamgusa shavu na chuchu.

Akageuza uso.

Nikamgusa tena, akageuza tena. Nikasema moyoni, kama na kwangu hanywi, basi kweli sina langu hapa.

Nikampa kidole cha kati. Akakishika. Akakaa nacho hivyo, kama anafikiri. Halafu mdomo ukaanza kutafuta wenyewe.

Alikunywa taratibu, anapumzika, anakunywa. Mimi natazama kile kichwa kinavyosogea. Wale wanawake wakaondoka mmoja mmoja. Akacheua begani kwangu, mcheuo wa mwanaume mzima, na mtu nje akacheka kwa raha.

Nikainua macho, Bakari amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

Akasema, kwa sauti yake ile ile ya kutoamsha wagonjwa, lakini akiangalia upande wa Sharifa:

"Jiko aliingiza Sharifa. Mimi nilimshikia mlango."

Sharifa akainuka. "Kwa hiyo mimi ni muuaji?"

"Sijasema hivyo, dada. Nimesema jiko uliingiza wewe."

"Nilimwekea joto. Mtoto wa mdogo wangu, nimwue mimi?"

"Hukutaka kumwua. Lakini ulisema ni yeye."

Sharifa akachukua bakuli nililopozea maziwa, akatoka nalo kwenda kuliosha. Hakurudi nalo, alilileta mtoto wa jirani.

Nikamwuliza Bakari kwa nini hakusema kule hospitali. Akanijibu Sharifa ndiye aliyemlea, hajawahi kumbishia mbele ya watu tangu azaliwe. Nikamwambia ungenizika kwa adabu zako. Akasema ndiyo. Alisema ndiyo tu, hakujitetea.

Halafu akasema neno lililonirudishia mtoto.

"Mtoto ni wetu, hilo halibadiliki. Lakini atakaa anaponywea."

Hivyo tu. Mjomba amesema. Wazee aliwaeleza mwenyewe.

Nililala pale usiku ule, sikuthubutu kumtoa njiani amedhoofika. Alipopata nguvu tukarudi Mikindani, Bakari mwenyewe ametusindikiza amempakata. Arobaini ilifanyika kwangu. Mwajuma akatolewa nje, mama yake akasomewa dua, watu wakala ubwabwa. Sharifa hakuja.

Hajaniomba radhi mpaka leo. Likizo za shule Mwajuma anakwenda Kitaya, Sharifa anamsuka, anamlisha, anamfundisha Kimakonde, nasikia anamsimulia habari za mama yake kuliko nilivyowahi kusimulia mimi. Mtoto anampenda. Mimi na yeye tunasalimiana tu. Sijasamehe, na siandiki hapa ili mniambie nisamehe.

Bakari huwa tunaongea. Kila msimu analeta korosho. Hushuka na mfuko, anakaa barazani, anaondoka. Ile nyumba nilishahama, lakini hata hapa sidhani kama atawahi kuingia chumba ninacholala.

Mwajuma sasa yuko darasa la sita. Mrefu, mbishi, chumbani kwake hodi ni lazima. Nikimwambia niliwahi kukunywesha maziwa hivi na hivi anasema baba, mbele ya wenzangu usiseme.

Haya, somo.

Kijana uliyeuliza, mashine ya kupasha chupa siyo lazima. Panga kila kitu upande wa mkono ulio huru. Pima unga mchana. Kaa kwenye kiti, usijilaze. Akikataa chuchu, angalia tundu lake kwanza kabla hujasema mtoto mkaidi. Acha hewa ipite. Na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata akileta mtu anayempenda mtoto kuliko wewe. Huyo hasa mzuie, maana wengine tayari unawaogopa.

Na wanaume: usiku ukiweza kuubeba wewe, ubebe. Mnavyoona ni adhabu sivyo ilivyo. Siku hizo zinakwisha haraka, na hakuna anayekwambia usiku ule ndiyo ulikuwa wa mwisho. Mimi wa mwisho siukumbuki hata. Siku moja alilala mpaka asubuhi, nikafurahi, nikaosha vikopo nikaviweka kabatini. Ningejua, ningekaa naye zaidi.

Waliolea kwa chupa peke yao, au waliochukuliwa mtoto na upande mmoja, wekeni yenu hapa chini, hasa mlipangaje chumba, tumsaidie huyu kijana. Mwenye kutukana naye karibu. Usingizi wa moja kwa moja sijaupata tangu kipindi kile, kwa hiyo andika saa yoyote, nitakuwepo.